Chai ya Mara ya Tatu

Ngazi za jengo letu kule Fittja, kitongoji cha Stockholm, zilinukia uwatu. Mama, mzaliwa wa Mombasa, aliunusa siku tuliyohamia akasema jirani wa juu lazima ni mtu wa heshima, maana hajaona Mswidi akaangaye uwatu. Jirani huyo alikuwa Mzee Behruz, Mwajemi, mwigizaji wa jukwaa na sinema. Huko Tehran, alivyotuambia, watu walisimamisha magari wamsalimu. Serikali ilipobadilika filamu zake zikapigwa marufuku, naye akavuka milima kwa miguu. Stockholm ya miaka ya themanini ilimpa ufagio wa kituo cha treni. Jioni tulimsikia juu ya dari akienda na kurudi, akijisemea maneno ya michezo yake ya zamani, nami, binti wa miaka tisa, nikashindwa kutulia na hesabu zangu. Baba, mkimbizi wa Uganda, alitazama juu akasema, "Mcheza kwao hutunzwa."

Alipotutembelea mara ya kwanza, Mama alimkaribisha chai. Mzee akaweka mkono kifuani, akakataa. Mama akairudisha sinia jikoni, na Mzee akaisindikiza kwa macho, uso umemshuka. Ilimchukua Mama muda kugundua kwamba kwao mstaarabu hukataa mara ya kwanza, hukataa ya pili, na ya tatu hupokea. Tangu hapo alimbembeleza kama mtoto mgonjwa, na wote wawili wakaufurahia mchezo huo.

Majira yale ya baridi alikuja kwa Mzee mwongozaji wa tamthilia, mama wa Kiswidi mwenye koti la kijani. Mzee aliniita nikae karibu, kwa kuwa Kiswidi chake kilikuwa cha kuungaunga na mimi nilikwisha kukizoea. Mgeni alimtaka aigize baba aliyehamia ugenini, mhusika mkuu kabisa. Mzee aliinyanyua mikono yake. Akaiweka kifuani. "Mimi si kitu, bibi. Wapo wanaostahili." Yule mama akasikitika, akamshukuru, akamaliza kahawa yake, akaenda zake. Mzee alibaki mlangoni akitabasamu, akingoja aitwe.

Hakuitwa. Miguu juu ya dari ikawa haipumziki, na nyumba yetu nzima ikakosa raha. Hatimaye Mama akanihoji.

"Huyo mama alimwomba mara ngapi?"

"Moja tu."

"Basi Mzee hajakataa bado. Vaa viatu, twende. Kuuliza si ujinga."

Mwongozaji aliposikia maelezo yetu alijishika mdomo. Nafasi ilikwisha kwenda kwa Mswidi mmoja, ambaye tayari alikuwa amezipaka nywele zake rangi nyeusi. Ilibaki ya mtumishi aletaye chai. Mama alimpelekea Mzee habari hiyo, naye akakataa. Akakataa tena, safari hii kwa hasira, akisema yeye alikuwa akiigiza wafalme. Mama akamwomba mara ya tatu. Mzee akauliza mtumishi huyo anasema nini.

Mtumishi hakuwa na neno hata moja. Alipaswa kuleta chai, bwana wake akatae bila kuinua macho, naye atoke. Siku ya onyesho aliingia na sinia, bwana akakataa, lakini Mzee hakutoka. Aliinama, akaisogeza sinia. Mswidi akakataa tena, jasho likimtoka chini ya zile nywele. Mzee akaisogeza mara ya tatu, na yule mtu akainua uso, akamtazama, akapokea kikombe. Mama alinibana mkono mpaka ukauma. Nilijivunia Mzee yule kama babu yangu wa damu.

Baada ya hapo aliigiza watumishi na madereva wengi, katika sinema pia, mpaka alipofariki. Nafasi ya baba hakupewa kamwe, na jambo hilo bado linaniudhi. Leo naishi Vällingby, kitongoji kingine cha Stockholm, ambako ngazi zinanuka sabuni tu. Nikiwakaribisha wanangu chai hunijibu kwa Kiswidi kwamba hawataki. Nikirudia, hulalamika kwamba wameshasema. Nami huuliza tena. Kisha nakiacha kikombe mezani, naenda jikoni, na nikirudi, mara nyingi nakikuta kitupu.