Siku Niliyoomboleza Timu Yetu Ikiwa Hai

Mkiniona siku hizi kwa matanga nimekaa huko nyuma kabisa na wale wa kumenya viazi, mdomo nimeufunga, msifikiri nimeokoka ama sauti imeniisha. Sauti iko. Ni aibu imeikalia, na nikiwaambia ilivyotokea najua mtacheka, na mcheke tu, kuna mahali mtafika mtaacha wenyewe bila kuambiwa.

Mimi kipaji changu ni kulia. Nyanya yangu kule Muhoroni alikuwa anaitwa mazishi ya watu hata asiowajua, kwa sababu akipiga nduru moja tu pale getini, hata wale waliofuata wali walianza kutafuta leso. Shamba lake la miwa waligawana wengine, mimi nikarithi koo. Chuoni wakaniita Mama Nduru, na mimi kwa ujinga wangu nikalipenda hilo jina mpaka nikaandikisha T-shati nyeupe, mgongoni limeandikwa kwa herufi kubwa (hiyo T-shati mtaisikia tena).

Sasa Achieng. Achieng ni rafiki yangu, tunakaa chumba kimoja hosteli tangu mwaka wa kwanza, msichana mrefu mpaka akilala miguu inabaki nje ya kitanda, na ndiye tegemeo la timu yetu ya basketboli ya wasichana. Mama yake alikuwa anauza samaki kule ufuoni Dunga, kwao. Kila Ijumaa, bila kukosa, alitutumia ngege wa kukaanga wawili wamefungwa kwa gazeti, mmoja wa mtoto wake, mmoja wa "yule mwingine mwenye kelele". Miaka miwili nimekula samaki wa yule mama. Likizo iliyopita akaugua wiki moja, akatuacha.

Kwa mazishi nililia, yawa. Niliongoza wimbo wangu mwenyewe, nilioutunga njiani nikitoka barabarani kuelekea kwao, na nikauimba kwa Kiswahili kwa sababu nusu ya waliokuja walikuwa akina mama wa soko la Kibuye, Waluhya wengi, waliokuwa wananunua samaki kwake: *Amka mama, jiko limezimika. Amka mama, wageni wako mlangoni.* Babake Achieng, mzee mmoja mkimya sana, fundi wa kutengeneza mashua, alisimama, akavua kofia yake ya kijivu, akaishika kifuani mpaka nikamaliza. Achieng aliniegemea begani na ule urefu wake wote. Hiyo siku nilijiona mtu wa maana.

Baadaye Achieng akaacha kucheza. Miezi miwili hakugusa mpira. Kocha akamwomba, kapteni akamwomba, hakuna. Halafu wiki ile ya mechi na wale wa chuo kimoja cha huko milimani (sitawataja, wametosheka na yao), akaniambia tukiwa chumbani, "Nitacheza. Lakini ukae mahali nitakuona. Nikisikia hiyo kelele yako nitajua niko sawa."

Nikamwambia, "Wewe cheza tu, mimi nitakuwa pale mpaka koo lipasuke."

Basi ahadi ndiyo hiyo. Kila mtu ameisikia? Sawa.

Sisi mashabiki tuko na desturi yetu, ya kubeba jeneza la wapinzani. Si jeneza la kweli, ni katoni ya friji nilitafuta Kibuye kwa mafundi, tukaipaka rangi ya viatu nyeusi tii, tukaandika kwa chaki jina la wageni, na ndani tukamlaza Ouma. Ouma ni mwanadarasa mwenzetu, jamaa mwenye kilo zake, na tulimchagua kwa sababu anaweza kulala popote bila kucheka. Nikamfunga shuka langu la hosteli. Mimi nikashika mbele, wanaume watatu nyuma, tukapanda ngazi za uwanja tukiimba, na watu wakashangilia, na Achieng akiwa anapasha misuli moto aliniona akacheka. Kicheko cha kwanza tangu mamake. Mngeniacha hapo hapo maisha yangu yangekuwa mazuri.

Lakini mechi ikaanza.

Nisiwadanganye, sijawahi kuona mpira mbaya namna ile. Wasichana wetu walikuwa wanapasiana na watu ambao hawako. Mmoja alirusha mpira ukapita juu ya ubao ukaenda kwa muuza mahindi. Kapteni alianguka akiwa peke yake, hakuna aliyemgusa, hakuna hata aliyekuwa karibu! Wageni nao walicheza vibaya vilevile, lakini angalau walikumbuka ringi iko upande gani, na mapumziko yalipofika tulikuwa na pointi sita. Sita, jamani, timu nzima. Achieng alikuwa na mbili na alikuwa anakimbia kama mtu aliyebeba maji kichwani.

Na hapa ndipo nikafanya kale kajambo kadogo. Watu walikuwa wameanza kununa, wengine wanaondoka, jamaa mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Mama Nduru, hiyo maiti mmekosea, hiyo maiti ni yetu!" Watu wakacheka. Na mimi nikisikia watu wanacheka huwa sina akili tena. Nikatoa chaki mfukoni, nikafuta jina la wageni kwa kiganja (kiganja kikawa cheusi, na jasho lile nikajipangusa uso, kwa hivyo sasa na uso pia), nikaandika TIMU YETU. Uwanja mzima ukapiga makofi. Waliokuwa wanaondoka wakarudi wakakaa. Nikajiambia, si unaona, umewarudisha watu. Kumbe nimewarudisha waje waone.

Robo ya tatu tukaomboleza kidogo kidogo tu, utani, nyimbo za kila mtu. Robo ya nne nao wasichana wetu, sijui ni hasira, sijui ni nini, wakaanza kufunga. Vikapu vibaya, vya kusukumana, vya mpira kudunda mara tatu kwa ringi kabla ya kuingia, lakini vikawa vinaingia. Mtu mwenye akili angegeuza jeneza tena. Lakini kila nikitaka kugeuza, mtu anasema, "Endelea, endelea, ukiwalilia ndiyo wanafunga!" Na sisi mashabiki mnatujua, kitu kikifanya kazi mara mbili tayari ni dawa.

Zikabaki sekunde chache, tuko ishirini na nane kwa ishirini na nane. Achieng akachezewa vibaya chini ya ringi. Refa akampa mitupo miwili ya bure, ile mtu anasimama peke yake na hakuna anayeruhusiwa kumkaba, uwanja wote unamwangalia yeye tu. Akiingiza mmoja tu tumeshinda. Akageuza macho akanitafuta. Nilimwona akinitafuta.

Watu wakasema, "Mama Nduru! Sasa! Ile kubwa!"

Tukainua jeneza tena, Ouma ndani. Nyimbo zote za utani nilikuwa nimemaliza. Koo lilikuwa limekauka, kichwa kitupu. Nikafungua mdomo na ikatoka ile iliyokuwa karibu: *Amka timu, jiko limezimika. Amka timu, wageni wako mlangoni.* Na sikuiimba kwa utani. Siwezi hiyo kwa utani. Ilitoka vilevile, na ile nduru ya nyanya mwishoni.

Achieng akarusha. Mpira haukufika hata kwa ringi.

Nikafikiri, mos, pole pole, ni wasiwasi tu, mwongezee nguvu. Nikaongeza! Mungu wangu. Nikaongeza ubeti wa pili, na ndipo nikaona Achieng haniangalii mimi, anaangalia nyuma yangu, juu kidogo. Nikageuka. Safu ya tatu, peke yake, ameshika mfuko wa karatasi wa samaki magotini, babake Achieng. Hakuna aliyeniambia atakuja. Hajawahi kuja mechi hata moja. Na alikuwa anainuka pole pole, mkono mmoja kwa mgongo wa benchi, mkono mwingine unavua ile kofia ya kijivu, anaiweka kifuani.

Mikono yangu ikaenda kwa mdomo, yote miwili, yenyewe. Tatizo ni kwamba mkono mmoja ulikuwa umeshika jeneza.

Katoni ikainama mbele, ile sakafu yake ikapasuka, na Ouma, ambaye kwa kweli alikuwa amelala (huyo mtu alilala mechi nzima!), akatoka ndani na shuka langu, akateremka ngazi saba za saruji, akaingia uwanjani akijiviringisha mpaka kwa miguu ya refa. Muda huohuo Achieng alikuwa ameshatupa wa pili bila kuangalia, ukagonga ubao ukatoka nje. Ouma akaamka, akaketi katikati ya uwanja amefungwa sanda, akauliza, "Tumeshinda?"

Refa hakucheka. Akapiga kipenga, akatuonyesha sisi mashabiki kwa kidole, akatupiga faulo, wageni wakapewa mtupo mmoja wa bure na mpira juu yake. Wakaingiza. Ishirini na tisa. Kocha wetu alijifunika uso na taulo na hakuitoa tena, kwa hivyo kilichofuata hakukiona: wageni wakarusha mpira ndani, msichana wao akatembea nao bila kuudunda, tukapewa sisi, kapteni akautupa kule juu macho yamefungwa, na beki wa wageni katika kuuzuia akausukuma kwa ncha za vidole ukaingia ringi yao wenyewe. Thelathini kwa ishirini na tisa. Kipenga. Tumeshinda.

Hakuna aliyeshangilia. Sijawahi kuona. Watu walikaa tu, halafu mzee mmoja akasema, "Hata hii nayo tunahesabu?" na mwingine akamjibu, "Hesabu, lakini usimwambie mtu." Wasichana wetu walitoka wameinamisha vichwa kama waliofungwa pointi hamsini. Watu wakapita karibu yangu wakishuka, wakiniangalia uso mweusi na T-shati iliyokuwa nyeupe, na mama mmoja akasonya kabisa, akaniambia, "Mtoto wa watu yuko na kilio chake bado kibichi, na wewe unakifanyia muziki?" Kumbe watu wanajua. Kumbe nusu ya uwanja walikuwa Dunga ile siku ya mazishi na walikuwa wameutambua wimbo.

Nikateremka. Nilitaka kukimbia hosteli nijifungie, na ningefanya hivyo, lakini babake Achieng alikuwa tayari ameshuka amesimama na Achieng kando ya benchi, na akaniita kwa mkono. Nikaenda. Ningekataa vipi?

Akanishika mkono wangu na mikono yake yote miwili, na ile rangi ya viatu. Akasema kwa upole, "Nyathina, mwanangu, pole. Sauti yako niliijua hata kabla sijakuona. Nimesimama lakini sikujua namsimamia nani. Ni nani amewaacha hapa shuleni?"

Alidhani kuna mtu amekufa. Aliona jeneza, akasikia wimbo wa mke wake, akadhani sisi watoto tumefiwa, na alikuwa anatafuta namna ya kutupa pole.

Nikasema, "Hakuna, Baba. Hakuna mtu. Ilikuwa ni... ni mchezo tu."

Aliniangalia. Hakukasirika, na ningefurahi akikasirika. Aliirudisha kofia kichwani, akampa Achieng ule mfuko wa karatasi, akasema amekaanga mwenyewe, wameungua kidogo upande mmoja, wako wawili kama kawaida. Kisha akasema ana safari, akaenda.

Tukabaki wawili. Achieng alikuwa bado na jasho, na hakuwa analia, macho makavu kabisa. Nilianza, "Achi, aki ya Mungu sikujua amekuja, sikufikiria, ilitoka tu..."

Akaniuliza, "Ile siku kwetu. Ulikuwa unalia kweli, ama pia ilikuwa ya watu?"

Mimi, Mama Nduru, ambaye sijawahi kukosa la kusema mbele ya umati wowote, nilifungua mdomo na hakukutoka kitu. Akangoja. Halafu akafungua mfuko, akatoa samaki mmoja, akaniwekea mkononi, akaenda zake na yule mwingine.

Bado tunakaa chumba kimoja. Ananiamkia, ananiambia maji yamerudi, anazima taa nikilala kwanza. Anacheza pia, na anacheza vizuri, mimi huenda na kukaa chini upande wa vyoo ambako hawezi kuniona, napiga makofi kama watu wengine. T-shati nimefanya tambara la kupangusa dirisha. Nimeapa, na kiapo hiki nawaapia nyinyi pia, kwamba koo hili halitafunguka tena mbele ya watu, iwe mpira, iwe msiba, hata nikifa njaa kwenye hayo matanga.

Na nililia kweli ile siku. Naomba mnielewe hapo. Nililia mpaka nikatapika nyuma ya jiko lao. Lakini kila usiku nikitaka kumwambia, nafanya mazoezi kwanza kichwani, na naisikia vile itakavyotoka, nzuri, imepangika, na ule mtetemeko mahali panapofaa, na hata mimi mwenyewe siiamini. Kwa hivyo nageukia ukuta, nanyamaza.