Rangi Niliyoikariri

Shule yetu ya sekondari pale Chanji ilianzishwa na wazazi ndani ya ghala la ushirika, ushirika wenyewe ulipokwisha kufa. Punje za mahindi zilikuwa bado zimenasa kwenye nyufa za sakafu, nasi tulizichokonoa kwa kalamu kila Hisabati ilipotushinda. Madawati tulikuwa nayo. Maabara hatukuwa nayo.

Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, tena mwenye kidomodomo cha maswali. Nilitaka Biolojia inifikishe kidato cha tano, kisha udaktari. Siku mwalimu alipochora ubaoni tone la iodini likidondokea wanga, akasema rangi inageuka bluu-nyeusi, nilinyoosha mkono.

"Bluu-nyeusi ikoje, mwalimu?"

"Ndiyo rangi utakayoandika kwenye mtihani."

Darasa likaangua kicheko. Nikaikariri.

Kwenye mtihani wa vitendo wa kidato cha nne vikaletwa vifaa vya kuazima. Nikadondosha iodini kwenye kimiminika nilichopewa. Ikabaki kahawia, kama chai ya rangi. Nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha, nikaigeuzageuza. Sasa mtu ambaye hajawahi kuiona rangi ataikataaje? Nikajiambia, basi hii ndiyo bluu-nyeusi yenyewe, wazungu wana majina yao. Nikaandika kwamba wanga upo.

Tulipotoka nikamuuliza jirani yangu wa dawati, binti wa wafugaji wa Kisukuma, ambaye kila muhula alishika mkia.

"Umeandika nini?"

"Kahawia. Haijabadilika."

"Si tuliambiwa bluu-nyeusi?"

"We! Kwetu ng'ombe akipotea, ukitaja rangi uliyoambiwa badala ya uliyoiona, humpati."

Nilimcheka, Mungu anisamehe. Matokeo yalipotoka, yeye Biolojia alifaulu. Mimi iliniangusha, na kidato cha tano nikakisikia kwenye bomba.

Miezi kadhaa baadaye mama alijikata kwa jembe, akanituma dawa ya kidonda. Wakati huo maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yamefunguliwa kila kona, na moja lilitazamana na geti la shule yetu. Muuzaji akanipa kichupa. Kiliandikwa iodini.

"Hii mnayo tangu lini?"

"Tangu tufungue. Mwaka wa nne huu."

Nyumbani, nilipokwisha kumfunga mama kidonda, nikadondosha tone moja kwenye kipande cha ugali. Rangi ikageuka pale pale, nyeusi yenye bluu kwa ndani, nzuri ajabu.

"Mbona unauharibu ugali, mwanangu?" mama akauliza.

Nililia, na huku nalia nikaongeza tone la pili ili niione tena.