Nilivyozipanga Stempu za Mzee Rajabu

Hili sijawaambia hata walimu wenzangu. Jirani yangu wa mtaa wa Ngagara, hapa Burundi, Mzee Rajabu, dereva wa lori mstaafu, aliniazima albamu yake ya stempu. Kila ukurasa ulichanganya Burundi, Tanzania na Kongo, ndege kando ya marais. Nilijiuliza sana kwa nini mtu azipange hivyo, lakini yeye sikumuuliza. Mimi nafundisha jiografia, kwa hiyo nilijiona mtaalamu. Kwa siku tatu nilizichomoa zote kwa kibano, nikazipanga nchi kwa nchi.

Jumapili nikamrudishia, nikisubiri shukrani. Alikuwa amekaa na mkewe, Mama Zaina. Akafunua kurasa zote polepole, kisha akarudi mwanzo.

"Ile ya Kigoma iko wapi?" mkewe akauliza.

"Tanzania yote iko mbele, mama," nikasema.

"Apana, mwalimu," mzee akasema. "Kila ukurasa ilikuwa safari moja. Mi nilinunua stempu kila mahali lori iliposimama. Mama Zaina anatafuta ile safari tulikutana."

Mama Zaina akanisogezea kiti. "Kaa, baba. We ndiye uliziona mwisho. Zilizokaa na ile ya Kigoma zilikuwa zipi?"

Nilikaa. Sikukumbuka hata moja.