Koti Nililokataa Kuvua Ukweni

Naona aibu kusimulia haya, maana huko Mbarara ninajulikana kama mwalimu mwenye diploma, niliyejisomesha mwenyewe kwa kuuza mkaa mtaani Kakiika, lakini afadhali niseme mimi kabla shemeji zangu hawajawaambieni kwa chumvi.

Nilikuwa nimerudi nyumbani, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Rehema, na asubuhi hiyo mama yangu alinipa pasi ya makaa, akasema, "Ipitishe kwanza kwenye jani la mgomba, ipoe kidogo." Nikacheka (mtu wa pasi ya umeme, jani la nini tena?), nikaibandika moja kwa moja mgongoni mwa shati, na nilipoiinua ikainuka na kitambaa. Shati jingine sikuwa nalo. Nikavaa koti juu, nikaenda.

Tuliketishwa uani chini ya turubai la plastiki, mchana wa kiangazi. Baba yake Rehema, mzee wa Kivu Kusini, akaniambia kwa upole, "Mutoto yangu, toa koti, jua iko kali sana."

Badala ya kushukuru, nikamfundisha! "Papa, neno 'kali' lina mahali pake. Jua kali ni lile linalounguza ngozi na kukausha migomba. Hili la leo ni vuguvugu tu."

"Vuguvugu?" akauliza mama yake Rehema. "Na mbuzi zote zimekimbilia ndani ya nyumba?"

Watu wakacheka, jasho langu likadondokea kwenye chai, nami (sijui nani alinituma) nikaongeza mifano, "Tunasema pia joto kali, homa kali," mara turubai likaanza kuzunguka, nikaanguka kifudifudi.

Nilipozinduka nilikuwa sina koti, ninamwagiwa maji mgongoni, na shangazi mmoja anaita majirani, "Mukuye muone, bwana harusi amekuya na dirisha!"

Rehema alikuwa ananipepea huku analia. Nikajua nimemkosa.

Mzee akaingia ndani, akatoka na shati lake la kanisani, akanivalisha na kunifunga vifungo kimoja kimoja kama mtoto. "Mutu mwenye kukubali kufa na joto juu ya kutuheshimu," akasema, "huyu atachunga binti yangu. Ila mwalimu, punguza masomo."

Basi nimeapa: wakwe wakisema jua ni kali, navua koti, na diploma yangu naiacha Mbarara.