Stroberi Zilizozuiwa

Wazazi wangu walivuka mpaka wa Mabamba wakikimbia kutoka Burundi, nami nikazaliwa upande huu wa Tanzania na kuwa raia wa huku. Kwa hiyo shangazi yangu aliyebaki ng'ambo aliponiunganisha na kiwanda kidogo kinachogandisha stroberi, niliona kuagiza kwao ni kama biashara ya nyumbani. Mimi nilikaa Kibondo kushughulikia vibali na mizigo. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa na duka la juisi Kasulu, na friza kubwa lilikuwa kwake.

Mzigo wa pili ulipofika mpakani, mkaguzi wa chakula alifungua katoni moja. Alikuwa mama mpole aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, asiye na haraka. Stroberi zilizotakiwa kumwagika moja moja kama kokoto zilikuwa zimeshikana mabonge, na chini ya mfuko kulikuwa na barafu nyekundu. Akasema ziliyeyuka njiani zikagandishwa tena. Vyeti vyangu vilikuwa kamili, lakini alichukua sampuli za kupeleka maabara Mwanza, akaniruhusu kuhifadhi mzigo kwa sharti kwamba katoni zisifunguliwe mpaka majibu yatoke. Nilimpigia wifi nikamweleza, naye akaitikia.

Jumamosi moja asubuhi mkaguzi akanipigia.

"Zina vijidudu vya kinyesi," alisema. "Asile mtu. Ziko wapi?"

Nikamwambia ziko Kasulu, kwenye friza. Nilipompigia wifi, simu iliita mpaka ikakata. Kaka yangu ndiye aliyepokea ya kwake. Alisema mkewe yuko Heru Juu, kwenye harusi ya binti wa mwalimu wa kwaya, ametangulia na juisi. Nikamuuliza juisi gani. Akasema ni ile nyekundu.

Nilikodi gari. Karibu na njia panda ya Nyarugusu tulikwama nyuma ya malori ya kambi ya wakimbizi, na dereva akakataa kuyapita kwenye kona. Alikuwa na haki, lakini nilimchukia. Kila nilipompigia wifi, simu iliita bure. Niliwaza watoto, kwa sababu kwenye harusi zetu watoto ndio hunywa kwanza.

Tulipofika, watu walikuwa wakitoka kanisani kuelekea kwenye maturubai. Wifi alisimama nyuma ya meza akiwa na jagi mkononi, na ndoo zimefunikwa miguuni pake.

"Wifi, usimimine," nikamwambia. "Majibu yametoka. Si salama."

Alinijibu kwa sauti ya chini kwamba umeme ulikatika Kasulu, stroberi zikaanza kuyeyuka, naye hakuweza kuziacha zioze. Kisha akasema, "Nimeinywa mwenyewe tangu jana. Unaniona naumwa? Unaniaibisha mbele za watu."

Watoto walikuwa wameshapanga foleni. Mama wa bibi harusi alituona tukivutana kwa maneno, akaja. Nilimweleza wazi, huku wifi akitazama chini. Akauliza nani ameshakunywa. Wifi akasema ni yeye na mpishi mmoja tu.

"Basi mwageni," mama yule alisema, akaenda kuwatoa watoto kwenye foleni.

Wifi hakutaka nimsaidie. Alibeba ndoo mwenyewe, moja baada ya nyingine, akazimwaga kwenye shimo la choo. Wageni walikunywa maji, na wengine walilalamika.

Jumatatu wifi alilazwa. Alikuwa anahara na kutapika, ametundikiwa dripu, na nilipoketi kando ya kitanda aligeukia ukutani. Mpishi naye aliumwa, ila si sana. Kaka yangu alinilaumu kwa kuleta mzigo ule, halafu akamlaumu mkewe.

Wifi alipopata nafuu, mkaguzi alikuja Kasulu kusimamia kuteketezwa kwa katoni zilizobaki. Tulichimba shimo nyuma ya duka. Wifi alitoka ndani akiwa amejifunga kanga mabegani, amekonda, akasimama karibu yangu huku udongo ukirudishwa.

"Ningewapa watoto," alisema.

Nilimshika mkono. Alilia pale pale, mbele ya mkaguzi, na mkaguzi akaenda kusubiri kwenye gari.

Shangazi alikasirika nilipokataa mzigo uliofuata. Nilimwambia nitaagiza tena wakipata gari lenye ubaridi wa kuaminika, na mpaka sasa hawajalipata. Dukani wifi anauza juisi ya nanasi na pasheni zinazolimwa kijijini Titye, na mimi nimehamia Kasulu tufanye kazi pamoja.