Kijiko cha Mama Mkwe

Mke wangu alinikabidhi mama yake asubuhi ya siku yangu ya mapumziko, akiwa amempakata mtoto wetu mchanga ambaye mwili wake ulikuwa unachemka kwa homa.

"Mimi sitaweza kwenda tena," akasema. "Nenda na mama. Tiketi za kuona barafu zilishakatwa, na Jumapili anaondoka."

Nikamvuta hadi kwenye korido. "Niende na mama mkwe? Sisi wawili?"

"Ninyi wawili."

Asiyetoka kwetu Kanda ya Ziwa anaweza kudhani natia chumvi. Kwetu mama mkwe ni mtu wa kupishwa njia. Humpi mkono, humtazami usoni, hukai naye kochi moja, na zaidi ya yote hamli pamoja. Hakuna chuki hapo, ni heshima tu. Yeye akikuona unakuja anavuta khanga usoni, na wewe unakatiza pembeni ukijifanya unatafuta kitu chini. Kijijini mambo haya yana nafasi yake, kwa sababu kuna uwanja, kuna jiko la nje na mlango wa nyuma. Sasa uyalete Satwa, hapa Dubai, kwenye chumba kimoja cha kupanga chenye kitanda, friji na mtoto anayelia! Tangu mama alipokuja Dubai kumsaidia binti yake baada ya kujifungua, tulikuwa tumefunga pazia katikati ya chumba. Upande wa dirishani wanawake na mtoto, upande wa mlangoni mimi. Wakati wa kula mke wangu alinipitishia sahani yangu kwanza, kisha wao wakala huko ndani. Kwa wiki zote hizo sikuwahi kumsikia mama hata akitafuna.

Kutembea naye ningeweza. Kilichonitoa jasho ni maneno ambayo mke wangu aliniongezea pale kwenye korido, kwa sauti ya chini.

"Mama ameshachoma sindano yake ya sukari, lakini kwa kuhangaika na huyu mtoto hakunywa chai. Amemega mkate kidogo tu. Mkitoka kwenye barafu, ale. Namaanisha ale kweli. Sukari ikimshuka anatetemeka, anatoka jasho, halafu anazimika. Nyumbani ilishamtokea, nusura tumpoteze."

"Sasa atakula vipi mbele yangu?"

"Hilo utajua wewe. Mimi ninachotaka mama yangu arudi mzima."

Kwenye metro tulipata nafuu. Kuna behewa la wanawake na watoto, na mstari wa rangi ya waridi sakafuni ambao mwanamume akiuvuka anapigwa faini. Mama akakaa upande wake, mimi nikasimama upande wangu nikiuchungulia ukingo wa khanga yake kati ya mabega ya watu. Nilimshukuru sana aliyebuni ule mstari. Laiti angekuwa amebuni na migahawa!

Ndani ya jengo la maduka tulilokwenda kuna mlima wa theluji uliofungiwa nyuma ya vioo, watu wanateleza juu yake kwa vibao miguuni, na nje jua linaunguza lami. Tulivalishwa makoti mazito na mabuti. Mama alikiinua kile kitu cheupe kwa kiganja, akakinusa, akakitia ulimini, akacheka peke yake ndani ya khanga aliyojitanda juu ya koti. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti ya kicheko chake, nami ningefurahi kama nisingekuwa nawaza sindano. Kila alipoinama kuokota theluji nilidhani anaanguka. Mimi ni mlinzi wa ghala kule Jebel Ali, kazi yangu ni kukaa macho nikitazamia mabaya, na siku hiyo mtu niliyekuwa ninamlinda sikuruhusiwa hata kumtazama.

Tulipotoka na kurudisha makoti niliona mikono yake inatetemeka. Nikajiambia ni baridi. Nikajiambia tena.

Mgahawa wa kwanza ulikuwa umebanana na kioo cha theluji, na viti vyake ni vya kutazamana, magoti kwa magoti. Kijana wa Kifilipino akatuvutia viti viwili kwenye meza isiyozidi upana wa sinia. Mama akaiangalia ile meza, akarudi nyuma, akasimama karibu na ua la plastiki akiwa ametupa mgongo.

"Sir, your mother no like?" yule kijana akauliza.

Ningemweleza nini? Nikamwambia sorry, tukaondoka.

Wa pili ulikuwa wa mikate ya nyama, na viti vyake vilikuwa vile vya juu vya kukwea. Nikamwona mama anavipima kwa macho na kushika mguu wake wa goti bovu. Tukapita. Wa tatu ulikuwa uwanja mzima wa vyakula, meza mamia, kila mtu anamwona mwenzake mpaka anachotafuna. Nikamwekea mama trei ya wali mbele yake, nikaenda kusimama mbali kabisa, nyuma ya mashine ya maji. Nilipochungulia, hakuwa amegusa kitu, ametazama chini. Simu yangu ikaita. Alikuwa mke wangu.

"Mama amenipigia. Anasema hapo watu wote wanamwangalia, na wewe uko nyuma ya mashine, miguu yako inaonekana."

"Mwambie ale tu!"

"Nimemwambia. Hataki. Tafuta mahali pengine, baba mtoto, na haraka. Sauti yake siipendi."

Nilianza kuogopa kweli. Nilienda mbele, mama nyuma yangu hatua chache kama kawaida yetu, nami nikawa namwangalia kupitia vioo vya maduka. Mwendo wake ulikuwa umeshaharibika. Alikuwa anashika ukuta. Nilikasirikia viti vya Dubai, nikakasirikia mila zetu, nikamkasirikia hata mke wangu ambaye kosa lake lilikuwa kukaa na mtoto mgonjwa. Lakini kugeuka na kumshika mkono sikugeuka. Mwili wenyewe ulikataa, ndivyo nilivyolelewa.

Mgahawa wa nne nilitamani kuubusu. Nao ulipakana na kioo cha theluji, na ulikuwa na makochi yenye migongo mirefu kuliko kichwa cha mtu, yamepangwa yakipeana visogo. Hilo ni pazia, nikasema, tena la mbao! Nikamwonyesha mama kochi moja, mimi nikaingia la pili yake, mgongo kwa mgongo, mbao katikati. Mhudumu alikuwa dada wa Mombasa, nilimjua kwa Kiswahili chake aliponisemesha baada ya kunisikia nikizungumza kwenye simu. Nikamwagizia mama supu, mkate na juisi ya embe.

"Na wewe kaka, mbona wakaa mbali na mamako?"

"Ni mkwe wangu."

"Ah," akasema, "nyinyi watu wa bara." Akaenda zake akitabasamu.

Chakula kikaja. Nikasikia bakuli likitua mezani nyuma yangu. Nikasikia kijiko kikigusa ukingo wa bakuli, mara moja, kisha mara ya pili. Nikashusha pumzi hadi tumboni. Ng'ambo ya kioo watoto walikuwa wanaburuzika kwenye theluji na nikaanza kuwaona kama watoto, si kama kero.

Kisha kijiko kikanyamaza.

Labda anakula mkate, nikasema. Mkate hauna sauti. Labda anakunywa juisi. Niliketi wima kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, chai yangu ikapoa, masikio yote yako nyuma. Kugeuka ilikuwa ni kumvua mama heshima yake mbele za watu. Na kama yuko katikati ya tonge, mdomo wazi, halafu mkwe wake anatokeza kichwa juu ya kochi? Atapanda ndege Jumapili na aibu hiyo, ataishi nayo kijijini. Nikampigia mke wangu.

"Mpigie mama. Muulize kama anakula."

Nikakata. Baada ya muda mfupi simu ya mama ikaita nyuma ya mgongo wangu. Ikaita mpaka ikakatika. Ikaanza tena. Hakuna mkono ulioigusa.

Hapo nikageuka.

Alikuwa ameegemea pembeni, khanga imeshuka mabegani, uso umelowa jasho kama aliyetoka mvuani. Supu ilikuwa imejaa vilevile. Mbele ya kochi lake kulikuwa na nguzo iliyobandikwa vioo hadi juu, vimeinamia chini kidogo, na ndani ya vioo hivyo kilionekana kisogo changu, kikubwa, wazi kabisa. Mama alikuwa ameketi muda wote huo akisubiri kisogo cha mkwe wake kiondoke.

"Mama!" nikasema. Midomo yake ikacheza, sauti haikutoka.

"Sukari hiyo imeshuka!" Dada wa Mombasa alikuwa ameshafika mbio. "Kaka, bado aweza kumeza huyo? Mnyweshe juisi, polepole. Yalla, wasubiri nini?"

Nilisubiri nini? Nikaingia kwenye kochi lake. Nikaweka mkono nyuma ya shingo ya mama mkwe wangu, shingo ambayo sikupaswa hata kuijua, nikamwinua kichwa na kumwekea glasi mdomoni. Funda la kwanza lilimmwagikia kidevuni. La pili akameza. Nilikuwa namwambia meza mama, meza, tafadhali meza, nilisikia kijiko nikadhani unakula, na yule dada anakoroga sukari kwenye maji huku anamwita mwenzake aite nesi. Nikachukua kijiko nikaanza kumlisha supu na vipande vya mkate nilivyovichovya, kama tunavyomfanyia mtoto. Akafumbua macho, akanitazama. Miaka yote ya ndoa yangu sikujua kwamba mke wangu macho yake ameyatoa kwa mama yake, yale yale, hata ile alama ndogo nyeusi kwenye jicho la kushoto.

Rangi ikamrudi taratibu. Akatazama kijiko, akatazama mkono uliokishika, akaufuata mkono mpaka usoni kwangu. Akaninyang'anya kijiko. Akavuta khanga.

"Baba," akasema kwa sauti dhaifu, "geuka."

Nikageuka. Nililia nikiwa nimeelekea theluji, watu wanaburuzika, na nesi alipokuja alianza kwa kuniuliza mimi kama nina tatizo.

Safari ya kurudi mama alikuwa upande wake wa mstari, mimi wangu. Nyumbani alimweleza binti yake kila kitu nyuma ya pazia, kwa kinong'ono, nami nimekaa mlangoni nimejikunyata. Kwetu jambo kama lile husawazishwa na wazee na mbuzi. Satwa mzee utamtoa wapi, mbuzi tusiseme. Homa ya mtoto ilikuwa imeshuka, lakini hofu yangu ilikuwa imebadilika tu nguo. Nilijua kuna kina mama ambao wakishaonwa na mkwe wakila hawali tena chini ya paa lake. Siku zilizobaki kabla ya Jumapili hazikuwa nyingi, ila kwa mtu wa sindano siku moja ya kutokula inatosha kumzimisha.

Jioni mke wangu akasonga ugali na dagaa. Akanipitishia sahani yangu, akarudi ndani, akalivuta pazia. Sikugusa chakula. Nilikaa nasikiliza. Ugali na dagaa, mkono na sahani, na kama ilivyokuwa siku zote, kimya.

Kisha nikasikia mama akisema kitu, na mke wangu akajibu kwa mshangao, "Kijiko? Kijiko cha nini mama, na huu ni ugali?"

"Nipe tu."

Droo ikafunguliwa, ikafungwa. Halafu kijiko kikagonga ukingo wa sahani, taratibu, mara moja. Baada ya muda wa kutafuna tonge na kulimeza, kikagonga tena. Na tena. Akala hivyo hadi mwisho, mkono mmoja kwenye ugali, mwingine kwenye kijiko, na akala hivyo kila mlo mpaka Jumapili.

Nilinawa mikono, nikaanza kula.