Miti ya Mama na Viti vya Bodi

Mama yangu alizaliwa Matombo, mlimani. Baba yangu alizaliwa Ngerengere, akaja huku kuoa. Majina yao unayajua, mjukuu wangu, usiyaandike. Andika kwamba ardhi ilikuwa ya mama, na baba aliilima akiwa mume tu. Kwetu Waluguru shamba hufuata tumbo la mwanamke.

Kampuni inayonunua iliki yetu ilikuwa na bodi ya wanaume watupu. Wengi walikuwa wafanyabiashara wa mjini. Wakulima wa mlimani tuliwakilishwa na shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu. Kuni za tanuri la kukaushia zilipoadimika, bodi iliamua kukata miti iliyo juu ya chemchemi yetu. Shemeji akatia sahihi. Hakuwa mwizi. Aliulizwa kwa kuwa ndiye aliyeketi pale, akaona haya kusema mbele ya wenzake kwamba miti ile si yake.

Niliwakuta wakataji wameshafika na misumeno.

"Shikamoo, bibi. Tuna kibali."

"Marahaba. Cha nani?"

"Cha mzee wa hapa."

"Mzee wa hapa ni mimi. Kaeni chini."

Walicheka, wakakaa, wakampigia simu mwenyekiti wa bodi. Alipanda mlimani kesho yake, na ukoo ukamweleza kwamba mwanamume aliyeoa kwetu hana kauli juu ya miti hiyo. Ili kumaliza ugomvi, kampuni ilinipa kiti cha shemeji, ikamwongeza pia mwanamke mmoja, mhadhiri wa kilimo. Mimi nilikwenda kukataa kuni. Habari za jua sikuzijua. Mhadhiri ndiye aliyependekeza kikaushio cha jua, na kwa kuwa kuni hazikupatikana, wajumbe wakakubali.

Masika ilipofika, ukungu haukuondoka mlimani. Iliki ikaota kuvu.

"Bibi, jua lenu liko wapi?" mwenyekiti aliuliza kikaoni.

"Liko juu ya mawingu. Wewe ndiye kiongozi, tangulia."

Walicheka, lakini hasara ilikuwa ya kweli, na baadhi yao walitaka suala la miti lifunguliwe upya. Mhadhiri akashauri kikaushio kishushwe bondeni, ambako jua halikosekani sana. Nilinyoosha mkono kuunga mkono, nikijua kwamba wanawake waliokuwa wakilipwa kukausha iliki huku juu wangekosa kazi. Walikosa. Wengine hawanisalimii mpaka leo. Miti imesimama.

Wewe umezaliwa na binti yangu, kwa hiyo itunze miti hiyo, na utunze haki ya kuisemea. Nitakapokufa, kiti kile akigombee mtu wa tumbo letu. Usimtume mumeo akakae kwa niaba yako, hata awe na shahada. Kikao kikiitwa, nenda mwenyewe. Na usiwasahau wanawake wale: bodi ikileta kazi yoyote mlimani, dai waitwe wao kwanza, wakusalimie au wasikusalimie.